Laki tisa na nusu mkononi: PS4 used, Xbox mpya au nisubiri PS5?

Kaka habari za kazi, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili wa kiume niko Tanga, nauza nguo za mtumba pale soko la Mgandini, mkubwa ana miaka 14 yuko kidato cha pili na mdogo ana 9. Naomba unisaidie maana wiki nzima nimezunguka madukani, kila ninayemuuliza ananiambia lake na mi haya mambo ya gemu sijui kitu.

Ilianza hivi. Huyu mkubwa akitoka shule hapiti nyumbani, anapitiliza kwenye kibanda cha gemu mtaa wa pili, wanacheza mpira kwenye TV, mechi moja shilingi mia tano na anayefungwa ndo analipa. Ikafika kipindi naona hesabu zangu za biashara hazikai sawa, leo imepungua elfu mbili kesho elfu tatu, nikajua ni mi mwenyewe nakosea kurudisha chenji kumbe ni yeye anachukua. Siku aliyoniambia alilia na mi nikalia, sikumpiga. Baba yao akasema dawa ni kumkataza kabisa, tukamkataza, alikaa wiki mbili akarudi tena kwa kujificha na siku moja alikuja nyumbani saa tatu usiku na mdogo wake yuko nyuma yake. Hapo ndo nikaamua bora hiyo gemu iwe ndani kwangu, nikiwa jikoni nawasikia.

Sasa nimepokea upatu, nina laki tisa na nusu, nikijibana sana inafika milioni. Duka la kwanza wameniambia PS5, yaani PlayStation 5, yenye sehemu ya CD ni milioni na laki sita, ile isiyo na CD milioni na laki tatu na nusu, zote sina. Duka la pili wana Xbox Series S mpya kabisa kwenye boksi laki tisa, muuzaji anasema hii ni rika moja na PS5 kwahiyo nikichukua used nimejidanganya, na baba watoto ameshaipenda kwa sababu ni mpya na ina waranti. Duka la tatu kijana anauza PS4 Slim used kutoka Dubai laki tano na nusu na pedi moja, anasema ndani kajaza gemu kumi bure nisinunue hata CD. Halafu mjomba wao yupo Maskati, anakuja likizo mwisho wa mwaka, yeye anasema niachane na yote anunue Nintendo Switch kulekule maana watoto wake wanayo na inabebeka.

Mwanangu mwenyewe anataka PS5, anasema PS4 imeshakufa na gemu ya GTA 6 haitaingia humo. TV yetu ni flati ya inchi 32, intaneti natumia bando la simu tu, na umeme huku unakatika mara kwa mara. Hela hii ikipotea sina nyingine mpaka upatu uzunguke tena. Nichukue ipi kaka yangu?

Mama wa wawili, Tanga

*

Dada yangu salama kabisa, na shikamoo yako naipokea kwa heshima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijaingia kwenye mashine niseme tu kwamba ulivyokaa ukalia na mwanao badala ya kumpiga, ndo maana mpaka leo unajua anaenda wapi.

Jibu langu nalitoa mapema ili usome mengine ukiwa umetulia. Chukua PS4 Slim, lakini si hiyo ya gemu kumi za bure. Hela itakayobaki weka kwenye pedi ya pili na CD mbili. Na kama moyo wako unaweza kusubiri mpaka upatu uzunguke tena, basi subiri PS5 yenye sehemu ya CD, sio ile nyingine. Xbox Series S ni mashine nzuri ila kwa maisha ya nyumba yako itakutesa, ntakwambia kwanini.

Wote wanne uliowasikiliza, wauzaji watatu na mjomba, wanakulinganishia mashine na mashine, ipi mpya ipi ina nguvu, wakati we unatakiwa kulinganisha mashine na mtaa wako. Mwanao anacheza kwenye kibanda, na vibanda vyetu karibu vyote ni PS. Wenzake wenye gemu majumbani wana PS. Maana yake nini, maana yake CD zinazunguka, huyu anamwazima yule, yule anauza ya mwaka jana kwa bei ya kutupa anaongeza hela ananunua mpya, na mtoto wako akiwa na CD moja tu ya mpira anaweza kubadilishana mwaka mzima bila wewe kutoa senti. Hiyo ndo sababu ya kwanza na kwangu ndo kubwa kuliko zote, nguvu ya mashine inakuja nyuma yake.

Sasa hiyo Xbox Series S haina tundu la CD kabisa. Huyo muuzaji hajakudanganya kwamba ni rika moja na PS5, zote zilitoka Novemba 2020 na gemu za mpira za saivi inazicheza katika toleo jipya lilelile, na kwenye TV ya inchi 32 hutaona ubaya wa picha. Lakini kila gemu utakayotaka lazima uishushe kwa intaneti. Gemu kubwa za siku hizi zinaanzia GB 40, 50, nyingine zinafika 100, na juu ya hapo zinakuja apdeti, sasa chukua bando lako la wiki uangalie lina GB ngapi halafu gawanya. Unaweza kujikuta umenunua mashine ya laki tisa na bado hujacheza hata mechi moja kwa sababu ya bando. Halafu hifadhi yake ni GB 512 kwenye lebo ila zinazobaki za kuweka gemu ni kama 364, ukijaza gemu nne tano kubwa unaanza kufuta, na uliyoifuta ukiitaka tena ni bando lingine. Kuna ile huduma ya Game Pass unalipia kila mwezi unapata gemu nyingi kwa pamoja, watu wanaisifia na wana haki, ila siku usipolipa gemu zote zinafungwa, na malipo yake ni ya kadi. Mtu mwenye intaneti ya faiba nyumbani na kadi ya benki inayokubali malipo ya nje ningemwambia achukue Series S bila kufikiri mara mbili. Wewe hapana dada, na mzee mwambie kwa upole kwamba waranti haikushushii gemu.

Kwa sababu hiyohiyo ile PS5 isiyo na CD nayo iondoe kichwani hata siku ukiwa na hizo milioni na laki tatu na nusu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za duka la mtandaoni la PlayStation, watu wanachofanya wanafungua akaunti ya Afrika Kusini au Uingereza au Marekani halafu wanatafuta kadi za kuongeza salio za nchi hiyohiyo, ukinunua kadi ya nchi nyingine inakataa. Inawezekana, vijana wanafanya kila siku, lakini mama anayeshinda sokoni kutwa nzima simtakii hiyo kazi. CD unaiweka, inajisakinisha, wanacheza. Ukimaliza nayo unaiuza.

PS5 yenye CD sasa. Hapa mwanao ana hoja na mi siwezi kumvunjia. PS4 ilitoka 2013, hiyo Slim ikaja 2016, ni mashine ya zamani na gemu mpya kubwa nyingi hazitengenezwi tena kwa ajili yake. GTA 6 imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, ni kweli kabisa. Lakini tumuulize anacheza nini kila siku huko kibandani, ni mpira, na mpira bado upo, EA Sports FC 26 iliyotoka Septemba 2025 imetoka na ya PS4 pia. Si sawasawa na ya PS5, wachezaji hawatembei kwa ule ulaini na uwanja haupendezi vile, ila ligi ni zilezile, timu ni zilezile, na wawili wakikaa kwenye kochi wanacheza bila intaneti na bila kulipia chochote. Ile PS Plus ya kulipia kila mwezi ni ya kucheza na watu wa mbali mtandaoni, nyie hamuihitaji. Kuhusu GTA yenyewe, hiyo ya 5 iliyopo saivi kasha lake limeandikwa 18 na sababu ipo, kuna mauaji na mambo ya wakubwa humo ndani, kwahiyo hata ungekuwa na PS5 leo bado una mtoto wa miaka 9 anayekaa pembeni ya kaka yake kuangalia.

Kitu kinachonifanya nisiogope PS4 kwako ni kwamba CD zake hazitakufia mkononi. PS5 yenye tundu inasoma karibu CD zote za PS4, kwahiyo mkija kununua PS5 baada ya mwaka mmoja au miwili mtahama na CD zenu. Pedi ndo hazihami vizuri, pedi ya PS4 kwenye PS5 inacheza gemu za PS4 peke yake, za PS5 inakataa. Na siku hiyo ikifika, hizi PS5 nyembamba za kuanzia 2023 sehemu yake ya CD inachomoka, na mara ya kwanza kuifunga lazima mashine iunganishwe intaneti ndo ikubali, kwahiyo uwe na bando kidogo kwenye simu siku hiyo.

Switch ya mjomba sitaizungumzia sana. Ni mashine nzuri kwa mtoto mdogo, inabebeka, inatumia umeme kidogo sana, mpira wa FC upo. Ila eFootball, ile gemu nyingine ya mpira, haipo humo, GTA 5 haipo, na kubwa zaidi hapo mtaani kwenu ataazimana gemu na nani? Mkubwa atacheza siku tatu kisha utamwona anatafuta viatu kwenda kibandani.

Turudi kwenye hiyo PS4 ya laki tano na nusu. Gemu kumi za bure ndani ya PS4 mara nyingi maana yake mashine imevunjwa, imechezewa programu yake ndo ikaweza kubeba gemu za kunakili. Mashine ya hivyo huwezi kuiapdeti maana ukiapdeti ule uchawi unaondoka, na usipoapdeti CD mpya utakazonunua zitadai toleo jipya la programu na kukataa kufunguka, kwahiyo unabaki na hizo kumi alizokuwekea, na watoto wakizichoka ndo basi. Kujua ni rahisi. Mwambie awashe, ingia Settings, kisha System, kisha System Information, utaona toleo la programu. Ukikuta namba ya zamani kama 9.00 au 11.00 na kijana anakusisitiza usiapdeti, rudisha hela mfukoni uage vizuri. Wengine gemu hizo wanakuwa wamezishusha kwa akaunti yao wenyewe, hiyo nayo siku akiitoa akaunti yake gemu zinafungwa, kwahiyo vyovyote vile gemu za bure zisiwe sababu ya kununua.

Tafuta PS4 Slim ambayo haijavunjwa, na siku ya kwenda kununua nenda na mwanao mkubwa, namaanisha hivyo, yeye anaijua kuliko sisi na akishiriki kuichagua ataitunza. Bebeni CD moja ya kuazima. Iwekeni icheze dakika 30 sio 5, maana mashine mbovu dakika tano za kwanza zote zinapendeza. Sikiliza feni, ikianza kuvuma kama mashine ya kusaga basi ina vumbi au haijawahi kufunguliwa kusafishwa, sio mwisho wa dunia, fundi anasafisha na kubadilisha ile gundi ya kupooza, ila iwe sababu ya kushusha bei. Shika ule waya wa HDMI pale unapoingilia nyuma uutikise taratibu, picha ikikatika tundu limelegea na hilo ni tatizo la PS4 nyingi zilizokaa vibandani kwa kuchomoachomoa. Toa CD, rudisha, toa tena, ione inameza na kutema bila kukwaruza. Mwisho pedi, mwanao afungue mechi asiguse kitu, mchezaji akianza kutembea mwenyewe kijiti kimekwisha. Angalieni na kibandiko cha nyuma kimeandikwa volti ngapi, kiwe kinafika 240.

Na umeme ukikatika huko kwenu hili lifuate. PS4 inahifadhi vitu kwenye hadidiski ya kuzunguka, umeme ukikatika ghafla ikiwa inaandika ndo inapoharibikia. Wazoeshe watoto kuizima kabisa, sio ile ya kuilaza taa ikabaki ya machungwa, na ukipata ile soketi ya kulinda friji ichomeke hapo. Faraja ni kwamba hadidiski ya PS4 ni ya saizi ileile ya laptopu, ikifa fundi wa kompyuta anabadilisha bei ya kawaida. Ya PS5 imechomelewa kwenye bodi, ikifa ni habari nyingine. Kwa luku pia una nafuu, PS4 Slim inakula kama wati 80 mpaka 100 ikiwa inacheza, PS5 kama 200, kwa masaa matatu kila siku kwa mwezi ni kama uniti 9 kwa moja na 18 kwa nyingine. Kama mko kwenye ile tarifu ndogo ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, hizo 9 za tofauti zinaweza kukutoa.

Sasa la mtoto mwenyewe, na hapa ndo roho yangu ipo. Kile kibanda hafuati TV na mashine tu, anafuata wenzake. Laki tano na nusu ni mechi 1,100 za mia tano, nakuambia hiyo hesabu ili baba yao aione, lakini kama nyumbani kutakuwa na pedi moja na mdogo wake wa miaka 9 anayefungwa kila siku, mkubwa atarudi kibandani na safari hii utaumia zaidi maana hela imeshatoka. Ndo maana nasema pedi ya pili sio anasa. Ruhusu wenzake wawili watatu unaowajua waje Jumamosi mchana wacheze hapo sebuleni ukiwa unawaona. Zile hela alizochukua, mi ningekuwa we ningemwambia azilipe kwa kazi, Jumapili aje sokoni akusaidie kupanga nguo mpaka ifike kiasi mlichokubaliana, na hilo lifanyike kabla mashine haijaingia ndani, sio baada. Siku za shule weka saa, PS4 ina sehemu ya kumpangia mtoto muda wa kucheza, inataka umfungulie akaunti ya mtoto chini ya yako na intaneti kidogo, kama hilo linakupa shida basi waya wa umeme lala nao chumbani.

Hesabu yako inakaa hivi. Slim nzuri isiyovunjwa usipitishe laki tano na nusu, na hiyo ni kwa sababu huhitaji zile gemu zake. Pedi ya pili mtaani angalia sana maana feki za PS4 ni nyingi na zinakufa ndani ya miezi, kwahiyo hapo ndo mtumie mjomba, mwambie asahau Switch, alete pedi moja originali ya PS4, inaitwa DualShock 4, na CD moja ya FC. CD za PS4 hazina kizuizi cha nchi, ya Maskati itacheza Tanga bila shida, ila vitu vya ziada vya kununua mtandaoni ndani ya gemu vinataka akaunti inayoendana na kule CD ilikotoka, na hivyo nyie wala hamvihitaji. Muhimu kabla hajalipa ageuze kasha aangalie juu limeandikwa PS4, sio PS5, maana CD ya PS5 kwenye PS4 haichezi kabisa na madukani zinakaa rafu moja.